Barua kwa mwanangu: spishi 300 ndani ya Mkoa wa Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mambo mawili: uanzeje kuangalia ndege, na kama mtu anayeishi Kisasa na kwenda kazini siku tano kwa wiki anaweza kuona spishi 300 ndani ya mkoa wetu, Januari mosi hadi Desemba 31. Hilo la pili limenifurahisha sana. Inawezekana, ila mvua ndiyo itakayoamua kuliko wingi wa safari zako.

Kwanza vifaa. Tafuta darubini ya 8x42: inakuza mara nane, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Ya 10x42 inavutia dukani, lakini mkono ukitetemeka kidogo picha inatetemeka zaidi, na eneo unaloliona ni finyu, hivyo ndege anayerukaruka kichakani atakupotea. Irekebishe kabla ya kutoka: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi jicho la kushoto lione vizuri kitu cha mbali, kisha funga la kushoto, uzungushe pete ya upande wa kulia bila kugusa gurudumu. Ukiruka hatua hiyo macho yatachoka mapema na kichwa kitauma. Vumbi la Dodoma lipulize kwanza. Ukifuta kwa shati, chembe za mchanga zitachora lenzi.

Wiki za mwanzo baki mtaani. Wajue shomoro, shore, hua, kunguru na chozi kwa umbo na kwa sauti, maana anayemjua shore barabara ndiye anayeshtuka akisikia sauti ngeni. Ukimwona ndege, anza na ukubwa wake ukimlinganisha na shomoro au njiwa, halafu mdomo, miguu, mkia, na rangi iwe ya mwisho. Jua likiwa nyuma yake, hata ndege wa kijani huonekana mweusi. Jizoeze kwa kasuku wadogo wa mibuyuni: kichwa cheusi, mdomo mwekundu, duara jeupe kuzunguka jicho, kola ya njano, mgongo wa kijani. Kwa asili hawa ni wa Tanzania peke yake, na watu hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kuwaona.

Sasa kalenda, na hapa naomba usome taratibu. Januari hadi Aprili ndiyo miezi yako ya dhahabu. Kwera dume amevaa njano na barakoa nyeusi, fumbwe anaburuta mkia mrefu, na wageni wa Ulaya na Asia bado wapo. Ikifika Julai kwera huyo huyo amevua vazi hilo. Amekuwa wa kahawia kama jike, kama kwelea kwelea, na mabingwa wenyewe hubishana. Kwa hiyo jamii yote ya kwera uimalize kabla ya Mei. Wageni nao wengi huondoka kufikia Aprili na kurudi kwa wingi kuanzia Oktoba. Usijiambie kwamba uliyemkosa Februari utampata Novemba: mvua za Dodoma zikichelewa, mwaka unaisha mikono mitupu. Zikinyesha na kumbikumbi wakaruka, tazama juu, kwani korongo na kozi wahamao hufuata mvua na wadudu wake.

Kiangazi kina faida yake, maana ndege hukusanyika penye maji. Kwenye mabwawa ya Hombolo na Mtera, maji yakipungua, tope hubaki wazi na kitwitwi, ndege wa matopeni, huanza kushuka kuanzia Agosti. Firigogo, ndege wa nchi kame wanaofanana na njiwa, huja kunywa asubuhi jua likishapanda kidogo. Kinamasi cha Bahi hutegemea mto Bubu. Mwaka mbaya utakuta udongo uliopasuka tu, kwa hiyo waulize wavuvi kabla ya kulipa nauli.

Vichaka vya miiba peke yake havitakufikisha 300. Panga angalau safari moja ya misitu ya Rubeho upande wa Mpwapwa, na nyingine ya miombo ya Kondoa. Msitu wa hifadhi unahitaji kibali cha TFS, wakala wa misitu, na Pori la Akiba Swagaswaga liko chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Vijijini pita kwanza kwa mtendaji. Na tafadhali, usiinue darubini karibu na Ikulu Chamwino, kambi za jeshi au ukuta wa bwawa la Mtera.

Mia ya kwanza itakuja mbio. Ya tatu hutafutwa mmoja mmoja, na hapo ndipo watu huanza kuandika wanachotamani badala ya walichokiona. Programu ya simu ya Merlin ikisikia sauti ya ndege na kukutajia jina lake, chukua kama fununu, kisha umtafute ndege mwenyewe. Andika tarehe, mahali, idadi na alama ulizoziona, uingize eBird, daftari la mtandaoni la waangalia ndege, jioni hiyo hiyo. Mwenye shaka abaki nje ya hesabu, na aliyetoroka tunduni vilevile.

Usijipime na Noah Strycker, Mmarekani aliyezunguka dunia mwaka 2015 akahesabu spishi 6,042. Yeye akimaliza za karibu alivuka mpaka. Wewe mkoa ni ule ule, kinachobadilika ni majira.

Januari mosi anzia Hombolo, ufike kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ikifika saa nne joto hufanya hewa icheze juu ya maji, na ndege wa mbali hawatambuliki tena. Beba lita mbili za maji na kofia. Orodha ya siku hiyo nitumie, tuipitie pamoja.

Baba yako