Usilipe tiketi hiyo Ijumaa: kuhusu zile siku 15 za viza

Dada, tafadhali usilipe tiketi hiyo siku ya Ijumaa. Salamu nitakupa baadaye.

Umeandika kwamba uko hapa Bukavu, kwamba unataka kuwa Brussels tarehe 10 Desemba kwa ajili ya ubatizo wa mtoto wa mdogo wako, kwamba wakala amekuhakikishia viza ya Schengen, ile ya safari fupi za Ulaya, hutoka kwa siku 15, na kwamba keshokutwa unampelekea dola 1,200 za ndege ili "dosiye", yaani faili la maombi yako, "iwe na nguvu". Kisha umeuliza mambo manne: viza inachukua muda gani hasa, inagharimu kiasi gani, bima inayotakiwa ni ipi, na kama unaweza kuombewa viza pamoja na mwanao wa miaka minane. La bima na la mtoto nitakuandikia siku nyingine; leo ni la muda na la gharama. Kwanza niruhusu nitulie, kwa maana maneno hayo ya "dosiye iwe na nguvu" ndiyo yaleyale niliyoambiwa mimi mwezi wa Juni mwaka 2023, na mtu aliyekuwa akipoza chai yake kwenye kisahani huku akinihesabia fedha zangu kwa mkono wa pili.

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Naomba wanaotaka kucheka wacheke sasa, halafu tuendelee. Nimefundisha hesabu katika shule ya sekondari miaka 19, na nilishindwa kuhesabu siku 15.

Hizo siku 15 zenyewe si uongo, na ndiyo maana zinatuangamiza watu wazima wenye akili. Zimeandikwa katika Kanuni ya Viza ya Umoja wa Ulaya, ile namba 810 ya mwaka 2009, ambayo marekebisho yake yalianza kutumika tarehe 2 Februari 2020. Kanuni inasema kwamba uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 za kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, lakini inaeleza pia siku hizo zinaanza lini: zinaanza pale ombi linapopokelewa likiwa linakubalika, yaani fomu imejazwa, pasipoti imekabidhiwa, picha ipo, ada imelipwa na alama za vidole zimechukuliwa. Hazianzi siku unapoingia kwa wakala, wala siku unapomlipa, wala siku anapokupigia simu kukuambia kwamba "mambo yameanza kutembea". Sentensi inayofuata katika kanuni hiyo hiyo, ambayo hakuna wakala aliyewahi kunisomea, inasema kwamba muda huo unaweza kurefushwa hadi siku 45 ikiwa ombi linahitaji kuchunguzwa zaidi. Siku 45 hizo ni halali kama zile 15, na hakuna utakayemshitaki.

Sasa nikueleze yaliyonipata. Dada yangu mdogo, niliyemlea tangu baba yetu alipofariki, alikuwa anaolewa Liège, Ubelgiji, siku ya Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023, na mimi ndiye niliyepaswa kumkabidhi kwa mumewe. Tarehe 12 Juni niliingia katika ofisi ya wakala mmoja, kijumba chenye picha ya mnara wa Paris iliyopauka kwa jua mpaka ikawa rangi ya maziwa. Nilimweleza tarehe yangu. Akachukua kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akaniambia: "Mwalimu, una miezi miwili, viza ni siku 15, utakuwa nayo kabla ya Julai kuanza. Lipa tike leo, bei inapanda, halafu ambasade inataka kuona tike iliyolipwa." Nililipa dola 1,140 kwa ndege ya kutoka Kigali tarehe 4 Agosti na kurudi tarehe 25, nikampa yeye dola 200 za kazi yake, nikavuka mtaa wa Nyawera kwa miguu nikijiona tayari ni mtu wa Ulaya.

Katika maneno aliyoniambia siku hiyo mlikuwa na makosa mawili, na la kwanza ndilo lililonifilisi. Si kweli kwamba tiketi lazima iwe imelipwa. Orodha ya hati iliyoambatanishwa na kanuni hiyo inataja nafasi iliyowekwa ya kwenda na kurudi, au tiketi yenyewe: ama hiki, ama kile. Kuwekewa nafasi kunatosha, na nafasi inaweza kuwekwa bila wewe kutoa bei yote ya safari. Yeye alilijua hilo vizuri kuliko mimi, lakini anayekuwekea nafasi tu hapati kamisheni ya tiketi. Baadaye nilikuja kugundua kwamba alininunulia tiketi ya aina ya chini kabisa, ile isiyobadilishwa tarehe na isiyorudishiwa fedha, akanitoza bei ya tiketi inayobadilishwa. Nilipomuuliza, alisema ilikuwa "promosheni". Nami sikuwa nimeisoma tiketi yangu mwenyewe, mimi ninayewanyima wanafunzi alama kwa kutosoma swali mpaka mwisho.

Kosa la pili lilikula siku zenyewe. Aliniambia kwamba dosiye ingesafiri peke yake hadi Kinshasa, mtu wake angeikabidhi, nami ningebaki nyumbani nikisahihisha mitihani. Majuma mawili na nusu yakapita nikisubiri majibu ya dosiye ambayo haikuwa imepokelewa na mtu yeyote, kwa sababu mwombaji ambaye alama zake za vidole hazijachukuliwa katika miezi 59 iliyotangulia lazima afike mwenyewe na vidole vyake. Hiyo ni karibu miaka mitano. Nami sikuwahi kuomba viza yoyote maishani, kwa hiyo vidole vyangu vilikuwa havijulikani na mtu isipokuwa chaki. Tulipoomba randevu, yaani miadi ya kufika na kukabidhi ombi, sasa kwa dhati, tarehe ya karibu iliyopatikana ilikuwa Jumanne, tarehe 18 Julai. Kanuni inasema kwamba randevu kwa kawaida ipatikane ndani ya majuma mawili; "kwa kawaida" ni maneno mawili madogo ambayo mtu anayesafiri Agosti, pamoja na dunia nzima inayosafiri Agosti, anapaswa kuyaogopa.

Basi nikapanda ndege katika uwanja wetu wa Kavumu kwenda Kinshasa, jambo ambalo halikuwa katika bajeti, kwa maana kutoka huku hakuna barabara ya kukufikisha kule kwa muda wa kibinadamu. Siku ya randevu nilifika saa kumi na mbili asubuhi nikiwa na faili iliyopangwa kama kitabu cha maandalio ya somo. Mama aliyekuwa nyuma ya kioo akaniambia niweke vidole vinne vya mkono wa kuume juu ya mashine, ikawaka nyekundu. Nikaweka tena, nyekundu. Akanipa kitambaa chenye unyevu, nikafuta, akanyoosha mkono kupitia kidirisha akavibonyeza yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kama anayepima ndizi sokoni, mpaka taa ikawa ya kijani. Hapo ndipo siku ya kwanza kati ya siku 15 ilipozaliwa. Tarehe 12 Juni hadi tarehe 18 Julai ni siku 36, na zote hizo, machoni pa sheria, mimi sikuwa nimeomba kitu.

Hata hivyo nilihesabu, kwa hesabu sahihi safari hii, kwamba siku ya 15 ingeangukia tarehe 2 Agosti, nami ndege yangu ilikuwa tarehe 4. Ilikuwa inawezekana. Halafu yule mama akainua hati ya udhamini, ile ambayo huku sote tunaiita prise en charge, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaniuliza iko wapi ya asili. Dada yangu alikuwa ameithibitisha vizuri katika ofisi ya komini yake, yaani manispaa, kule Liège, lakini wakala alikuwa ameniambia kwamba nakala iliyotumwa kwa WhatsApp na kuchapishwa kwa rangi "inafanya kazi ileile". Haifanyi. Waliipokea dosiye, wakanipa karatasi ya kudai hati ya asili, na kwa hiyo uchunguzi ukaendelea ndani ya kile kipindi kirefu cha siku 45. Hati ilifika kwa mkono wa msafiri mmoja mwema tarehe 31 Julai.

Tarehe 4 Agosti ndege yangu iliondoka Kigali bila mimi. Mimi nilikuwa Lemba, mjini Kinshasa, sebuleni kwa binamu wa mke wangu, mahali nilipokwisha kulala majuma mawili na nusu na ambapo watoto walikuwa wameanza kuniuliza maswali ya hesabu bila malipo. Nilikuwa bado nina matumaini ya kijinga kwamba ningelipia kiasi fulani na kubadilisha tarehe. Nilijifunza siku hiyo kwamba tiketi ya aina ile, usipotokea safari ya kwenda, na ya kurudi hufutwa pamoja nayo. Dola 1,140 zilikufa kwa usiku mmoja. Tarehe 12 nilitazama harusi kwa simu. Suti niliyoshonesha ilikuwa imetundikwa mlangoni nyuma yangu, bado iko ndani ya mfuko wa fundi. Mjomba wetu anayeishi Charleroi ndiye aliyemshika dada yangu mkono, na kabla hawajaufikia ukumbi umeme ukakatika mtaani, intaneti ya nyumbani ikaenda nao, nikabaki na picha iliyoganda ya kisigino cha mjomba.

Tarehe 17 Agosti niliitwa kuchukua pasipoti yangu. Viza ilikuwamo. Ya siku 21, imebandikwa vizuri, picha yangu inatazama mbele kama mtu mwenye mipango. Uamuzi ulitolewa siku ya 30, ndani ya sheria kabisa, na sina neno la kuwalaumu watu wa kule dirishani, waliofanya kazi yao kwa adabu. Nilikuwa na viza halali na sikuwa na tiketi wala fedha ya kununua nyingine. Dola 1,140, na 200 za wakala, na zaidi ya 400 za kwenda na kurudi Kinshasa. Sijahesabu chakula wala zawadi niliyomwachia mwenye nyumba kwa aibu. Viza ile ilikwisha muda wake ikiwa haijaguswa na muhuri wa mpaka wowote. Wanafunzi wangu wakiniuliza kama nimewahi kwenda Ulaya, huwaambia kwamba nimeruhusiwa.

Nilirudi kwa wakala. Aliniambia, akinitazama usoni: "Mwalimu, si viza ulipata? Mimi kazi yangu nilifanya." Nimeyafikiria majibu ya sentensi hiyo mwaka mzima, mengine nikiwa naoga.

Kwa hiyo, dada, tuchukue tarehe zako. Leo ninapokuandikia ni tarehe 30 Oktoba 2024. Tuseme unafanikiwa kupata randevu tarehe 18 Novemba, ambayo ni bahati nzuri. Siku ya 15 ni tarehe 3 Desemba, unawahi. Siku ya 45 ni tarehe 2 Januari. Mtoto amekwisha kubatizwa, Noeli imepita, na mwaka umegeuka. Majibu yote mawili ni ya kawaida, na hakuna mtu Bukavu, wala mwenye ofisi wala asiye na ofisi, anayeweza kukuambia leo utapata lipi. Kanuni inaruhusu kuomba mapema hadi miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida inakataza kuomba zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Kati ya mipaka hiyo miwili, kila siku unayokaa ukingoja ni siku yako mwenyewe unayoipoteza. Tiketi inalipwa viza ikiwa imebandikwa ndani ya pasipoti, na pasipoti ikiwa mkononi mwako, nawe umesoma jina lako na tarehe zako kwa sauti. Mtu akikuambia vinginevyo, muulize anapata asilimia ngapi.

Ada ya viza nililipa euro 80, lakini tangu tarehe 11 Juni 2024 imekuwa euro 90 kwa mtu mzima, na hairudishwi hata ukikataliwa. Mwambie mdogo wako leo hii aende komini kuanza hati ya udhamini, ikishathibitishwa ina miezi sita ya kutumika, na aitume ya asili kwa mkono wa mtu anayesafiri, si kwa simu.

Ukikosa namna ya kulikwepa lile jambo la Ijumaa kwa sababu umekwisha kumwahidi wakala, nenda, lakini fedha ziache nyumbani. Mwombe akuwekee nafasi tu, na umwombe aandike kwa mkono wake, juu ya karatasi yenye muhuri wa ofisi yake, kwamba viza isipotoka kabla ya tarehe 10 Desemba atakurudishia dola zote 1,200. Mimi nilipomwomba wa kwangu aandike maneno kama hayo, aliinuka kwenda kutafuta kalamu.