Trela linakwenda kinyume nikirudi nyuma

SWALI: Nikirudisha trela letu la kulala kwenye nafasi kambini, linakwenda kinyume na ninavyotaka, na majirani wote hutoka kutazama. Nifanyeje? Na tukifika usiku?

JIBU: Waache watazame, ndugu yangu. Shika usukani kwa chini kabisa: mkono ukienda kushoto, mkia wa trela nao unakwenda kushoto. Sogeza kidogo kidogo. Likianza kujikunja kuelekea gari, usilishindilie; vuta mbele linyooke, uanze upya. Anayekuelekeza asimame unapomwona kiooni, akipotea tu, funga breki. Na aangalie juu pia, maana watu hukodolea magurudumu wakasahau matawi.

Kabla ya kulifungua kwenye gari, sawazisha kushoto na kulia kwa kupandisha gurudumu juu ya ubao, kisha zuia magurudumu yote yasibiringike. Mbele na nyuma utasawazisha baadaye kwa jeki ya mbele. Ile miguu ya pembeni ni ya kupunguza mtikisiko, si ya kunyanyulia trela!

Usiku, fungeni milango taratibu, na ubishi wa nani kakosea uishie ndani ya gari. Jenereta lisubiri asubuhi. Mkienda bombani zungukeni njiani, msikatize kwenye nafasi ya mtu hata kama amelala.