Uliza Mwalimu wa Gofu: Draiva ya kwanza iwe na kichwa kikubwa kiasi gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka 34 na ninajifunza gofu pale Lugalo. Vyuma, zile fimbo za kichwa chembamba, naviweza angalau, ila draiva, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, sina. Mjomba amenipa yake ya zamani, ya chuma, ina kichwa kidogo kinachoenea kiganjani. Anasema ukiizoea hiyo hakuna kitakachokushinda. Muuza vifaa vya mtumba kaniletea mbili: moja imeandikwa 440, anadai ndiyo ya wachezaji wa kulipwa, nyingine 460, ina mikwaruzo na bei yake iko chini. Halafu kuna mtu mtandaoni anatangaza ya 500, eti inapiga mbali kuliko zote. Nichukue ipi? Mimi ni mwanamke, urefu wangu futi 5 na inchi 3, kama hilo lina maana.
Msomaji, Kimara

JIBU: Marahaba binti yangu. Chukua ya 460, na mikwaruzo yake hiyohiyo, mradi iko juu ya kichwa au chini yake na si ufa usoni, upande unaopiga mpira. Lakini usitoe hela kwanza, kuna mambo mawili ambayo muuzaji wako hakuyagusa. Nitayafikia.

Namba hizo ni ujazo wa kichwa kwa sentimita za ujazo, kwa hiyo 460 ni pungufu kidogo ya nusu lita. Hapo ndipo kanuni zinapoishia. Tangu 2004, R&A na USGA, wanaotunga kanuni za gofu duniani, hawaruhusu kichwa kuzidi 460, na wameacha nafasi ya 10 tu kwa ajili ya tofauti za upimaji. Hiyo ya mtandaoni, kama kweli ni 500, hutaingia nayo kwenye shindano lolote linalofuata kanuni. Na kama si kweli, basi hujui unanunua nini. Achana naye.

Sasa kwa nini kikubwa? Watu wengi hudhani kichwa kikubwa kina nguvu zaidi. Hapana. Kiweke kwenye mizani: cha 460 kina gramu 200 hivi, na cha mjomba wako hakiachani nacho sana. Kinachotofautiana ni mahali uzito ulipowekwa. Umewahi kumwona mtu wa mzegamzega akitaka kugeuka na ndoo zake mbili zimejaa? Ndoo ziko mbali na mwili, kwa hiyo hazikubali kugeuka upesi. Angezikumbatia kifuani angegeuka bila shida. Kichwa kikubwa kimesukuma uzito pembeni na nyuma namna hiyo, ndiyo maana ukipiga mpira kwa ncha badala ya katikati, uso haupinduki sana. Mpira unapoteza umbali kiasi, lakini unabaki ndani ya uwanja. Kichwa kidogo kikipigwa kwa ncha kinajisokota mkononi, na wewe unaufuata mpira msituni.

Ya mjomba ilitengenezwa ndogo kwa sababu ya chuma chenyewe. Chuma ni kizito. Ukitaka kukitanua bila kuongeza gramu, kuta zinakuwa nyembamba mpaka zinapasuka. Mwaka 1991 kampuni ya Callaway ilipotoa draiva ya chuma iitwayo Big Bertha, yenye 190 tu, watu waliiona kubwa kupita kiasi! Vichwa vya mbao vya kabla ya hapo vilikuwa vidogo zaidi. Titani ndiyo iliyofungua njia, kwa kuwa ni nyepesi na haipasuki ovyo.

Hoja ya mjomba si ya kupuuzwa, maana kifaa kigumu kweli hufunza mkono. Ila mafunzo hayo fanya na chuma namba 7, ambacho ukikosea kinakuadhibu bila kukupotezea mpira. Anayeanza akipoteza mipira minne kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, hajifunzi kulenga, anajifunza woga. Nimewaona: wanaanza kupiga wakiwa wamekaza mabega, na hapo hata draiva nzuri haiwasaidii. Ya mjomba itunze nyumbani, usiiuze, atauliza.

Kuhusu ile 440, muuzaji amesema nusu ya ukweli. Wapo wa kulipwa wanaozitumia, na wapo wengi tu wanaopiga na 460. Vile vidogo mara nyingi humpunguzia mpigaji mzunguko wa mpira na kumpa nafasi ya kuupinda apendavyo, vitu vya mtu ambaye mapigo yake yote yanatua mahali pamoja. Kama unataka kujua wewe uko wapi, omba kuijaribu 460 kabla ya kununua. Paka chaki ya ubaoni usoni, piga mpira, kisha tazama. Utaona duara dogo limefutika, na ukisogeza jicho utaona ndani yake vidoti vya vishimo vya mpira. Usilifute. Piga mipira kumi. Kwa mwanafunzi mgeni maduara hutapakaa kuanzia kisiginoni, karibu na shingo ya mpini, hadi kwenye ncha, na moja mbili yanapanda mpaka ukingo wa juu, ambako rangi huanza kubanduka. Siku yatakapojikusanya eneo moja lisilozidi upana wa mpira, njoo tuzungumze habari za 440.

Mambo mawili niliyoahidi ni haya. Kwanza nyuzi za mwinamo wa uso, zimeandikwa chini ya kichwa. Ukiona 9, mrudishie mwenyewe. Kwako wewe tafuta 10.5, na 12 ni bora zaidi, mpira upae. Wanaume hapa Dar wanaona haya kubeba 12, ndiyo maana mipira yao haipandi. Pili ugumu wa mpini, unaoonyeshwa kwa herufi. L ni laini zaidi, kisha A, R, S, na X ni mgumu. Hapa uanamke wako hauamui lolote, wala urefu hauamui peke yake. Kinachoamua ni kasi ya kupiga. Anza na L au A, ila kama unarusha mikono kwa nguvu jaribu R. Kwa kimo chako mpini wa inchi 45 utakuwa mrefu, basi shika chini kidogo ya mwisho wa kishikio, kiasi cha inchi moja. Hupungukiwi sana umbali, na chaki itakuonyesha faida.

Dukani, tikisa kichwa sikioni. Kikigonga ndani, kuna gundi imebanduka, si hatari lakini itakuudhi, na ni sababu nzuri ya kushusha bei. Kagua mpini pale unapoingia kichwani. Ukiona ufa, acha. Na nunua tii ndefu, vile vijiti vya kuwekea mpira, maana kichwa cha 460 kikitua nyuma ya mpira, nusu ya mpira inatakiwa ionekane juu ya ukingo wake. Tii fupi za vyuma zitakufanya uchimbe udongo.

SWALI: Mwalimu, mwanangu ana miaka 9. Nikimkatia mpini wa draiva yangu ya zamani si itamtosha?
Baba wa watatu, Arusha

JIBU: Hapana, ndugu yangu. Ukiukata mpini unazidi kuwa mgumu, na kichwa kinabaki na gramu zake zilezile 200, ambazo mtoto wa miaka 9 anaziburuta badala ya kuzizungusha. Mtafutie seti ya watoto, hata ya mtumba. Ukikosa draiva ndani yake, mwache apige na chuma chepesi kutoka kwenye tii mpaka utakapoipata.