Muulize Shangazi: Nashika nguo zote, simalizi hata moja

Shikamoo Shangazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Moshi. Kila asubuhi naandika kazi za siku kwenye daftari, wakati mwingine zinafika 15. Nikikaa tu kwenye mashine anaingia mtu: nipunguzie suruali, nibadilishie zipu, nipime mara moja. Simu nayo hainyamazi. Jioni nakuta nimeshika nguo zote na sijamaliza hata moja. Kuna gauni la kipaimara nililochukulia kianzio tangu mwezi uliopita, mpaka leo nimeunga mkono mmoja tu. Na Desemba ndiyo hiyo, watu wanarudi nyumbani na vitenge vya familia nzima. Nifanyeje?
Fundi wa Majengo

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na nilipofika kwenye ule mkono mmoja nikasimama. Aliyesimama mlangoni unamhudumia kwa sababu unamwona. Mama wa gauni humwoni. Alikuamini, akakuachia hela, akaenda zake. Kila zipu unayobadilisha "mara moja" unaichukulia muda wake yeye.

Nayajua haya. Nimeuza chakula karibu na soko la Mbuyuni miaka 11. Maharage lazima yawe jikoni alfajiri, kabla sijamimina hata kikombe kimoja cha chai, kwa sababu hayaharakishwi. Siku moja wateja wa chai walinibana, huyu chapati, yule maandazi, nikasema nitabandika baadaye. Saa saba wakaja mafundi ujenzi, waliokuwa wamenilipa chakula cha wiki nzima, nikawapakulia maharage magumu. Mmoja wao alisogeza sahani pembeni, hakusema neno. Yule kaka simsahau. Tangu siku hiyo sufuria la maharage lilitangulia, na wa chai alisubiri.

Maharage yako wewe ni hilo gauni. Lipe saa moja mpaka saa nne asubuhi, simu ikiwa ndani ya droo. Mlangoni andika: "Vipimo na marekebisho kuanzia saa nne." Watarudi. Wa zipu aache suruali yake aifuate jioni; zikusanye uzibadilishe zote kwa mkao mmoja, maana kubadilisha uzi na mguu wa mashine kila saa kunakula siku yako kuliko kushona kwenyewe. Kwenye daftari, ukurasa wa leo ubaki na kazi tatu zilizoahidiwa tarehe. Nyingine zihamie nyuma.

Lakini kuna wa kukuinua tu: mwenye nyumba, mtoto, taarifa ya msiba. Mtafiti mmoja wa Marekani, Sophie Leroy, aliandika mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi katikati ukarukia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule ulikotoka. Mwaka 2018 yeye na mwenzake wakaonyesha kwamba kuandika kwa kifupi ulipofikia na utakapoanzia ukirudi kunasaidia akili kuhama. Na wewe chaki unayo mkononi tayari. Kabla hujainuka, andika upande wa ndani wa kitambaa: "mkono wa kushoto, anza kwapani." Haimalizi hata dakika. Ukirudi hutakaa unaligeuzageuza gauni ukitafuta ulipoishia.

Vitenge vya Desemba usivipokee kwa kichwa. Mteja akiwa bado amesimama hapo, fungua daftari uhesabu siku zilizobaki. Zikiwa zimejaa mwambie palepale, bado ana nafasi ya kutafuta fundi mwingine. Ataumia kidogo, lakini si kama kufika mkesha wa Krismasi akute kitambaa hakijakatwa.

Na mama wa kipaimara mpigie leo, kabla hajakupigia yeye. Usimwambie "kesho". Mtajie siku ya kumleta binti kupima, na siku hiyo wakute mikono yote miwili imeungwa.