Kampuni italipa, lakini tasnifu ni ya nani?

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Nasomea uzamivu wa uhandisi mitambo. Utafiti wangu ni wa kuchanganya haidrojeni na gesi asilia kwenye turbaini za kufua umeme. Kampuni moja ya umeme iko tayari kunigharamia miaka yote mitatu, ila mkataba unasema sitachapisha chochote bila idhini yao ya maandishi. Msimamizi wangu anasema nitie saini, fedha za utafiti hazipatikani kila siku. Nifanyeje?
Kalamu Mkononi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Iweke hiyo kalamu chini kwanza, ila hao watu usiwafukuze. Unawahitaji kuliko unavyodhani, tena si kwa ajili ya fedha.

Nilipokuwa kijana tulijaribu kichomeo cha mchanganyiko kama huo wako maabara, kwa hewa ya kawaida. Mwali ulitulia, tukapiga picha, tukapongezana. Kichomeo kilekile kilipofungwa kwenye mtambo, ambako hewa imegandamizwa zaidi ya mara 15, hakikumaliza hata zamu moja. Mwali ulirudi nyuma ukaingia kwenye mdomo wa kichomeo, chuma kikalainika kama mshumaa. Haidrojeni ndivyo ilivyo: mwali wake hukimbia kwa kasi mara kadhaa kuliko wa gesi asilia, na maabara ya chuo haikuonyeshi yote. Mtambo wanao wao.

Ripoti ya tukio lile ilifungiwa kabatini. Miaka michache baadaye nikakuta vijana wa chuo kingine wameunguza kichomeo cha namna ileile. Mpaka leo linaniuma.

Sasa, kampuni nayo ina hoja. Katika nchi nyingi, uvumbuzi ukichapishwa kabla ya kuombewa hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, haki hiyo hupotea. Basi wape muda: wasome rasimu yako kwa siku 60, au 90 wakibana sana. Muda ukipita wako kimya, umeruhusiwa. Hayo yaandikwe, na yaandikwe pia kwamba majaribio yaliyoshindwa yatachapishwa kama yaliyofaulu. Msimamizi wako akikwambia wenye viwanda hukimbia kilichochapishwa, mkumbushe seli za jua za aina iitwayo PERC. Kundi la Martin Green, Chuo Kikuu cha New South Wales, lilizitangaza hadharani mwaka 1989. Viwanda vikaja kuzitengeneza kwa wingi zaidi ya miaka 20 baadaye. Na mwanafunzi wa Green, Shi Zhengrong, ndiye aliyeanzisha Suntech, kampuni ya seli za jua, China, mwaka 2001.

Jambo jingine. Wakitaka kutangaza kwamba wanachoma haidrojeni asilimia 30, kataa jina lako kutumika bila hesabu kamili. Asilimia hiyo ni ya ujazo, na ujazo wa haidrojeni una nishati kama theluthi moja tu ya ile ya gesi asilia. Kaboni inayopungua ni kama asilimia 11. Tena hapo hatujauliza haidrojeni yenyewe imetengenezwa kwa umeme gani.

Kwenye mkataba omba pia rekodi za mtambo wao: joto la moshi, oksidi za nitrojeni, na mtikisiko wa mwali. Hiyo ya mwisho watasitasita kukupa. Ing'ang'anie. Kipengele cha siku 90 wakikikataa, nitumie maneno yao kama yalivyo kabla hujasaini.