Kukusanya maili ukiwa Hamburg

Dada, kama nimekuelewa, unakwenda Dar mara moja kwa mwaka, tena safari tatu nne fupi humu Ulaya, na hujui ujiunge na mpango upi wa maili, yaani pointi ambazo mashirika ya ndege hukupa ukisafiri nayo na ambazo baadaye hubadilishwa kwa tiketi.

Usianze na zawadi. Anza na tiketi ulizonunua miaka miwili iliyopita: zilikuwa za nani? Ukipanda zaidi KLM kupitia Amsterdam, jiunge Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France. Ukipanda Ethiopian, Turkish au Lufthansa, hao wote ni Star Alliance, muungano wa mashirika ambako maili za shirika moja unaweza kuziweka kwenye mpango wa jingine, kwa hiyo chagua mpango mmoja tu na maili zote ziingie humo. Kuzitawanya ndiko kunakotumaliza wengi wetu. Emirates hawamo katika muungano wowote mkubwa, ingawa wana washirika wao.

Angalia pia maili zinakufa lini. Flying Blue ni miezi 24 bila shughuli inayohesabika kwao, Miles & More, mpango wa Lufthansa, kwa kawaida ni miezi 36. Mimi nilipoteza za safari mbili za Nairobi kwa shirika moja, kisa sikusoma masharti. Niliumia!

Hadhi ya Silver ya Flying Blue, ngazi ya kwanza ya upendeleo kwa wasafiri wa mara kwa mara, inataka XP 100 ndani ya mwaka (XP ni pointi za kupandia ngazi, si maili). Kwa safari zako sidhani utafika, kwa hiyo usilipe tiketi ghali kuifukuzia. Na "tiketi ya bure" bado ina kodi na tozo, wakati mwingine mamia ya euro. Piga hesabu kwanza.

Kadi ya kupandia ndege usiitupe mpaka uone maili zimeingia.