Mistari minne au sita? Mashine ya palizi yenye kamera

SWALI: Ninalima mahindi Mvomero, ila makazi yangu ni Mbezi, Dar es Salaam. Vibarua wa palizi wamekuwa adimu. Nimeonyeshwa mashine ya kufunga nyuma ya trekta, kamera yake inafuata mistari yenyewe. Ni ya mistari sita, planta yangu (mashine ya kupandia) ni ya minne. Ninunue?
Msomaji, Mbezi

JIBU: Ya sita achana nayo, ndugu. Planta yako inapanda mistari minne kwa nafasi isiyobadilika, tuseme sentimita 75, kwa kuwa yote imo kwenye fremu moja. Dereva akigeuza na kurudi, nafasi kati ya mstari wa nne na wa tano inategemea mkono wake: huku 65, kule 85. Mashine ya sita lazima ipite juu ya mshono huo, na hapo itafyeka mahindi. Kamera haitakuokoa, kwani kwa kawaida silinda ya haidroliki (inayosukumwa na mafuta) husogeza fremu nzima kushoto au kulia, si jembe mojamoja. Tafuta ya minne, au hata ya miwili, na ianzie pale planta ilipoanzia.

Kabla ya kuingia shambani, kaza minyororo ya mikono ya nyuma ya trekta, ile inayobeba mashine. Ikilegea, mashine inayumba na kamera inabaki kuhangaika.

Kwenye nafasi ya 75, majembe yafagie sentimita 60 katikati, ubaki upenyo wa 7 hadi 8 kila upande wa mche. Yapishane kidogo, la sivyo magugu yanaponea katikati. Kina ni sentimita 3 hadi 4. Ukizidisha unakata mizizi ya mahindi na kuibua mbegu mpya za magugu. Magugu ya kwenye mstari wenyewe hayaguswi: yafukie kwa udongo kwenye palizi ya pili, au uyafuate kwa jembe la mkono.

Usichelewe. Ingia magugu yakiwa na majani mawili, asubuhi ya jua, udongo ukiwa mkavu juu. Yakishatanda, kamera inaona kijani kitupu na kupoteza mstari. Mvua ikinyesha jioni ileile, magugu mengi yaliyong'olewa yanashika tena.

Gugu la ndago halimalizwi hivi, kiazi chake cha ardhini kinachipua upya. Kiduha nacho, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, ukikiona ujue kimeshanyonya kitambo. King'oe kabla hakijatoa mbegu.